Kazi ya polisi: Mambo ambayo kijana anafaa kutayarisha kabla ya siku ya usajili

MATOKEO ya mtihani wa Kidato cha Nne (KCSE) yanapotangazwa, familia nyingi katika eneo la Asumbi, Kaunti ya Homa Bay, hukabiliwa na swali moja: kijana huyu sasa aelekee wapi?

Asumbi ni kituo kidogo kilichokua kando ya misheni ya Kikatoliki. Shule ya Upili ya Wasichana ya Asumbi na chuo cha walimu kilicho papo hapo ndivyo vilivyolieneza jina lake kote nchini, na kwa miaka mingi ualimu ulikuwa jibu la kwanza la swali hilo.

Hata hivyo, si kila mtahiniwa hupata alama za kumpeleka chuoni, wala si kila mzazi humudu karo. Kwa vijana wa aina hiyo, tangazo la usajili wa makurutu wa polisi husubiriwa kwa hamu kubwa, kwa kuwa mafunzo hugharimiwa na serikali na mwisho wake ni ajira ya kudumu.

Tatizo ni kwamba wengi huanza kujitayarisha siku tangazo linapotoka gazetini. Wakati huo huwa zimesalia siku chache tu, na mambo yanayoamua nani atachukuliwa huwa yamekwisha kuamuliwa miaka kadhaa nyuma. Pengo hilo la maandalizi ndilo matapeli huingilia.

Huduma moja kwa nchi nzima

Nchini Marekani, miji, majimbo na serikali kuu kila moja ina vikosi vyake, na anayetaka kuwa mpelelezi wa FBI hulazimika kuwa na umri wa angalau miaka 23, shahada ya chuo kikuu na tajriba ya kazi. Kenya haina mpango huo. Kaunti hazina polisi wao wenyewe.

Kifungu cha 243 cha Katiba ya 2010 kimeunda Huduma ya Taifa ya Polisi (NPS), yenye matawi mawili: Polisi wa Kenya na Polisi wa Utawala. Yote mawili yako chini ya Inspekta Jenerali. Idara ya Upelelezi wa Jinai (DCI) nayo imo ndani ya huduma hiyo kwa mujibu wa Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011.

Maana yake ni kwamba wapelelezi wengi walianza kama konstebo wa kawaida, wakapiga gwaride, wakalinda lindo za usiku na kuandika taarifa katika daftari la matukio kituoni kabla ya kuhamia upelelezi. Kijana wa Asumbi anayeota kuchunguza wizi wa mitandaoni au kufanya kazi katika maabara ya uchunguzi wa jinai ya DCI, iliyofunguliwa 2022, anapaswa kuufahamu mlango huo wa kwanza.

Masharti ya kimsingi

Kwa miaka ya karibuni masharti ya kusajiliwa kuwa konstebo yamekuwa haya: mwombaji awe raia wa Kenya mwenye kitambulisho, mwenye umri wa kati ya miaka 18 na 28, na awe amepata angalau alama ya wastani ya D+ katika KCSE, pamoja na D+ katika Kiswahili au Kiingereza.

Mwanamume anatakiwa awe na kimo cha angalau futi 5 na inchi 8, na mwanamke futi 5 na inchi 3. Mwombaji awe na afya njema ya mwili na akili, na asiwe na rekodi ya uhalifu wala kesi ya jinai inayomkabili. Mwanamke hatakiwi kuwa mjamzito wakati wa usajili na katika kipindi chote cha mafunzo.

Kati ya masharti hayo, ni kimo pekee ambacho kijana hawezi kukifanyia lolote. Mengine yote yanahitaji mtu aanze mapema.

Alama ya D+ ni pointi 4 kati ya 12. Wanafunzi wengi husikia hivyo wakalegea, wakidhani kwamba mlango uko wazi. Wanasahau kwamba hicho ni kiwango cha chini tu, na kwamba siku ya usajili watasimama foleni moja na wenye alama za juu zaidi, baadhi yao wakiwa na diploma au shahada. Wanasahau pia sharti la lugha. Mwanafunzi aliyepuuza Kiswahili na Kiingereza anaweza kufikisha wastani unaotakiwa na bado akarudishwa nyumbani.

Sharti la lugha lina sababu. Kazi ya polisi ni ya kuandika: taarifa za mashahidi, ripoti za matukio, maelezo yatakayosomwa mbele ya hakimu. Kesi nzuri huweza kuanguka kwa sababu ya maelezo yaliyoandikwa ovyo.

Vyeti na majina

Jambo la pili linalowaangusha wengi ni stakabadhi. Jina lililo katika cheti cha KCSE linafaa kulingana na lililo katika kitambulisho. Kwa jamii ambako mtoto hupewa jina la wakati wa kuzaliwa, jina la ubatizo na baadaye jina la baba, si ajabu mtu mmoja kuwa na majina matatu katika karatasi tatu. Kurekebisha kasoro hiyo huchukua muda, na hakuwezi kufanywa alfajiri ya siku ya usajili.

Kuna pia vyeti vinavyobaki shuleni kwa sababu ya madeni ya karo. Wizara ya Elimu imeagiza mara kadhaa kwamba shule zisizuie vyeti vya watahiniwa. Mzazi mwenye tatizo hilo afaa kulishughulikia mara matokeo yanapotoka.

Kughushi cheti ni njia ya kupotea. Vyeti huhakikiwa kwa Baraza la Mitihani, na anayegunduliwa hata baada ya miaka kazini hufutwa na kushtakiwa.

Mwili ulio tayari

Siku yenyewe, vijana hupimwa kimo, hukaguliwa vyeti, meno, macho, miguu na viungo, kisha hukimbia. Wanaobaki huhojiwa na kupimwa afya. Walio na ulemavu wa kuona usiorekebishwa, magonjwa yasiyotibiwa au viungo vyenye kasoro inayozuia kazi huondolewa.

Mbio za ghafla za wiki moja hazisaidii, na mara nyingi huleta majeraha. Mazoezi ya miezi sita, mepesi mwanzoni kisha yakiongezwa polepole, ndiyo yanayofaa. Hali kadhalika, jino bovu au ngiri inayoweza kutibiwa hospitalini itibiwe mapema.

Waliofaulu hupelekwa katika vyuo vya polisi, kikiwemo cha Kiganjo, Kaunti ya Nyeri, na vile vya Embakasi, Nairobi. Waliosajiliwa Machi 2022 walihitimu Januari 2023. Huko makurutu hufunzwa gwaride, matumizi ya silaha, huduma ya kwanza, sheria za jinai na haki za binadamu.

Mlungula na hasara yake

Hapa ndipo familia nyingi hukosea. Kila usajili unapokaribia hutokea watu wanaodai kuwa na ‘nafasi’ za kuuza. Wengine hujitambulisha kama jamaa za maafisa wakuu, na wengine huonyesha barua za mwaliko zilizoghushiwa. Wazazi huuza ng’ombe, hukodisha au kuuza shamba, na kutoa mamia ya maelfu ya shilingi. Barua ikifika lango la chuo hugunduliwa kuwa bandia, na aliyepokea pesa huwa amekwisha kuzima simu.

Usajili wa polisi ni wa bure. Sheria ya Kukabiliana na Hongo ya 2016 inamhesabu anayetoa na anayepokea kuwa wakosaji sawa, na adhabu ni kifungo cha hadi miaka 10, faini ya hadi Sh5 milioni, au vyote viwili. Hivyo mzazi aliyetapeliwa huogopa hata kwenda kuripoti.

Historia inaonyesha kwamba hata nafasi iliyopatikana kwa njia hiyo si salama. Julai 2014 vijana takribani 10,000 walichaguliwa kote nchini. Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi (IPOA) ilikwenda mahakamani ikilalamikia ufisadi na ukiukaji wa kanuni katika zoezi hilo. Oktoba mwaka huo Jaji Isaac Lenaola aliubatilisha usajili wote, na Mahakama ya Rufaa ikaunga mkono uamuzi huo 2015. Zoezi lilirudiwa Aprili 2015, wiki chache baada ya shambulizi lililoua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa.

Waliotoa hongo walipoteza. Waliochaguliwa kwa haki nao waliumia pamoja nao.

Mvutano wa kisheria haukuishia hapo. Oktoba 2025 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iliamua kwamba jukumu la kusajili makurutu ni la Inspekta Jenerali, si la Tume ya Kitaifa ya Huduma ya Polisi. Usajili wa vijana 10,000 uliokuwa umecheleweshwa ulifanyika Novemba 17 mwaka huo. Kijana anayengoja tangazo afaa kujua kwamba tarehe huweza kubadilika kwa amri ya mahakama, na asiwe na shughuli moja tu ya kungojea.

Kazi inavyotazamwa Homa Bay

Kuna tayarisho jingine ambalo halipimwi kwa futi wala kwa saa ya mbio, nalo ni kuelewa sheria inamtaka polisi awe mtu wa namna gani.

Kwa wakazi wa Homa Bay hilo si jambo la vitabuni. Juni 7, 2025, mwalimu na mwanablogu Albert Ojwang alikamatwa katika kaunti hiyo, akasafirishwa hadi Nairobi na kuzuiliwa katika Kituo cha Polisi cha Central. Alifariki akiwa kizuizini. Polisi walisema mwanzoni kwamba alijigonga kichwa ukutani, lakini uchunguzi wa maiti ulionyesha majeraha yasiyolingana na maelezo hayo. Watu sita, wakiwemo maafisa wa polisi, walishtakiwa kwa mauaji. Walikana shtaka.

Ndiyo maana kijana anayeondoka kijijini kwenda Kiganjo huagwa kwa furaha na kwa hofu. Atarudi akiwa mlinzi wa watu wake, au mtu wa kuogopwa?

Kifungu cha 49 cha Katiba kinataka mshukiwa aelezwe sababu ya kukamatwa kwake na afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, isipokuwa muda huo ukiishia nje ya saa au siku za kazi za mahakama. Kifungu cha 244 kinaitaka huduma ya polisi ipambane na ufisadi na iheshimu haki za binadamu. Sheria ya 2011 nayo inaagiza afisa ajaribu kwanza njia zisizo za nguvu, na inasema wazi kwamba kutii amri ya mkubwa si kisingizio cha kutumia nguvu kinyume cha sheria.

Vifungu hivyo ni vifupi na Katiba inapatikana kwa Kiswahili. Kurutu aliyevisoma akiwa bado nyumbani huingia chuoni akiwa na msingi. Aliyenunua nafasi huingia akiwa na deni, na mara nyingi deni la namna hiyo hulipwa barabarani na wahudumu wa matatu na bodaboda.

Milango mingine

Polisi si njia pekee ya kulinda sheria. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) huajiri askari na kuwafunza Manyani, Kaunti ya Taita Taveta. Mbuga ya Kitaifa ya Ruma, iliyo katika bonde la Lambwe, ni miongoni mwa hifadhi wanazolinda. Walinzi wa Pwani, walioundwa kwa sheria ya 2018, wana jukumu katika Ziwa Victoria pia, ambako wavuvi wa Homa Bay na Migori wamelalamikia usalama wao kwa muda mrefu. Idara ya Magereza nayo hufunza askari wake Ruiru.

Anayekosa nafasi mwaka wa kwanza bado ana muda hadi atimize miaka 28. Muda huo unaweza kutumiwa katika chuo cha kiufundi, au katika vyuo vikuu vya Tom Mboya mjini Homa Bay na Rongo katika Kaunti ya Migori. Stadi za kompyuta, uhasibu au sayansi humfaa mpelelezi, na humpa riziki yule asiyechaguliwa kamwe.

Kwa mzazi wa Asumbi hesabu ni nyepesi. Fedha za ng’ombe mmoja zikilipia karo au kozi, mtoto hubaki na elimu hata akikataliwa uwanjani. Zikipewa tapeli, familia huamka kesho yake haina ng’ombe na haina kazi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.