Kilo Sawa, Mwili Si Sawa

Kando ya Ngong Road, hapa Adams Arcade, mimi na rafiki yangu mcheza raga tulipimwa uzito. Kila mmoja kilo 68, na kimo chetu ni kimoja. Nikajigamba, "Tuko sare!" Lakini tulipokimbilia matatu, yeye alidandia akicheka, mimi nikabaki nahema.

Kulikoni? Mizani haitofautishi misuli na mafuta. Misuli ndiyo injini: huvuta, huinua na kutumia sukari iliyo katika damu. Vijana wetu waliotwaa kombe la raga Singapore mwaka 2016 walikuwa wazito, ila mbio walizijua!

Mafuta nayo ni ghala. Gramu moja huhifadhi kalori 9 hivi, ilhali ya wanga ni 4. Si adui, kwani husaidia mwili kufyonza vitamini A, D, E na K. Hatari ni yakizidi, hasa yale ya ndani ya tumbo. Hayo huchangia kisukari, shinikizo la damu na maradhi ya moyo.

Hapo nilishtuka, maana baba ana kisukari. Nikaanza kuruka chakula cha mchana. Mwalimu wa biolojia akanikanya: ukijinyima ovyo, hata misuli hupungua. Afadhali mazoezi, maharagwe na omena kuliko chipsi kila siku.

Siku hizi natembea hadi nyumbani, nauli naiweka. Wenzangu, udongo uwahi ungali maji!