Swali Moja Mezani: Amana ya Anayepika na Adabu ya Anayekula

SIFA zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyetuumba na kuturuzuku vilivyo halali na vizuri. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, Ijumaa ya leo tumeona tuzungumzie jambo ambalo wengi wetu hulifanya kila siku bila ya kulitafakari, nalo ni kula nje ya nyumba zetu.

Tulijaaliwa kufika Nyamongo, wilayani Tarime, mkoani Mara. Hapo ndipo ulipo mgodi wa dhahabu wa North Mara, ulioanza uzalishaji mwaka 2002. Ni nchi ya Wakurya, wafugaji na wakulima, lakini dhahabu imewavuta watu wa kila kabila na kila dini. Mji wa namna hiyo una wageni wengi, na mgeni hana jiko. Hula kwa mama lishe, au kwenye mgahawa.

Tuliingia katika mgahawa mmoja mdogo wenye meza tano, unaoendeshwa na familia ya Kiislamu yenye asili ya Tanga. Mama ndiye mpishi, mumewe hushughulikia sokoni na buchani, kijana wao akitoka shule huhudumia wateja, na binti yao huosha vyombo. Chakula chao ni cha pwani: pilau, wali wa nazi, maharage ya nazi na chai ya tangawizi, pamoja na sato wa Ziwa Victoria. Nazi husafiri mwendo mrefu hadi kufika huko. Tulimwona mzee mmoja mwenyeji akionja wali wa nazi, akasita, akatabasamu, kisha akaagiza sahani ya pili.

Tukiwa tunanawa, waliingia vijana wanne, wakauliza: "Mama, kuku yupo?" Yule mama akajibu: "Leo hatuna, wanangu. Waliletwa wawili wamekwisha chinjwa, na aliyewaleta hakuweza kunieleza wamechinjwa na nani. Nimewarudisha." Mmoja wao akacheka: "Lakini mama, kuku ni kuku. Nani angejua?" Mama akasema kwa upole: "Mungu anajua, na mimi ningejua." Vijana wakaondoka, na sahani nne zikaondoka nao. Katika mgahawa wa meza tano, sahani nne si jambo dogo.

Tulikula kimya, tukijiuliza: je, mama yule amekaza mno, au amefanya lililompasa?

Sheria yetu imeliweka jambo hili kwa wepesi na kwa hekima. Mwenyezi Mungu ametubainishia katika Suratul Maida, aya ya 5, kuwa chakula cha waliopewa Kitabu ni halali kwetu, na chetu ni halali kwao, na wanazuoni wameeleza masharti yake. Aidha, Bi Aisha (R.A.) amesimulia, katika Hadithi aliyoipokea Imamu Bukhari, kuwa watu walimweleza Mtume (S.A.W.) juu ya nyama wanazoletewa na watu waliosilimu karibuni, wasijue kama zilitajiwa jina la Mwenyezi Mungu. Mtume (S.A.W.) akawaelekeza wao wenyewe wataje jina la Mwenyezi Mungu, kisha wale.

Mafunzo ya Hadithi hii ni makubwa. Mgeni hakukalifishwa kumfanyia upelelezi Muislamu mwenzake. Asiingie jikoni kufunua masufuria, wala asimtie mwenyeji katika aibu mbele ya watu. Akiwa na shaka yenye msingi, aulize swali moja kwa heshima, apokee jibu, aseme Bismillahi, ale. Wasiwasi usio na dalili ni mzigo ambao dini haikututwika.

Lakini hali ya mwenye kuuza ni nyingine. Wale waliotajwa na Bi Aisha walijulikana kuwa ni Waislamu, ilhali kuku wale wawili hawakuwa na taarifa yoyote. Isitoshe, mgeni anajilia mwenyewe, naye mpishi analisha watu waliomwamini. Imamu Muslim amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alipita sokoni, akatia mkono ndani ya rundo la nafaka, vidole vyake vikagusa unyevu. Mwenye mali akadai kuwa ni mvua. Mtume (S.A.W.) akamhoji kwa nini asiuweke unyevu ule juu watu wauone, kisha akabainisha kuwa mwenye kughushi hayuko pamoja naye. Yule mama wa Nyamongo aliuweka unyevu juu ya nafaka. Hivyo hakukaza mno, bali alitekeleza amana.

Tunalisisitiza hili kwa sababu katika Kanda ya Ziwa suala la nani achinje limewahi kumwaga damu ya binadamu. Mwezi Februari mwaka 2013, huko Buseresere mkoani Geita, mzozo wa uchinjaji ulizuka baina ya Waislamu na Wakristo, na mchungaji mmoja akauawa. Ni msiba kwetu sote. Hakuna kitoweo kinachostahili roho ya mtu. Swali lililoulizwa kwa matusi huzaa fitina, na lililoulizwa kwa adabu huzaa ujirani. Katika mgahawa ule tuliwaona Wakristo na Waislamu wakila meza moja, kila mmoja akijua kilichomo katika sahani yake.

Swali hilo humfuata Muislamu popote aendapo. Vijana wetu wengi sasa wanasoma na kufanya kazi ughaibuni, na huko huingia katika migahawa ya kifamilia ya watu wa Thailand. Watakuta ladha zisizo ngeni kwa mtu wa pwani: tui la nazi, mchaichai, ndimu na pilipili. Watakuta mchuzi mzito uitwao massaman, ambao jina lake hunasibishwa na neno la kale lenye maana ya Muislamu. Una iliki, mdalasini, viazi na karanga. Pia watakuta maji ya samaki waliovundikwa kwa chumvi, ambayo asili yake ni samaki na chumvi tu. Lakini jiko hilo hilo huweza kupika nguruwe, na kikaango kikawa kimoja. Basi kijana asikimbie kwa ugeni wa harufu, wala asile kwa kufumba macho. Na aulize.

Tusichanganye haramu na tusichokizoea. Mtume (S.A.W.) aliandaliwa nyama ya mjusi wa jangwani, akaiacha. Khalid bin Walid (R.A.) alipomuuliza kama ni haramu, alimweleza kuwa siyo, ila haipatikani katika ardhi ya watu wake, na nafsi yake haiipendi. Khalid akala mbele yake.

Enyi wazazi, mnapowapeleka watoto kula nje, siku hiyo ni darasa. Umar bin Abi Salama (R.A.) alikuwa mtoto, mkono wake ukizunguka katika sahani, Mtume (S.A.W.) akamfundisha ataje jina la Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho mbele yake. Mfundisheni mtoto hayo, na mwongezeeni kuuliza kwa upole na kumshukuru aliyempikia.

Nanyi wenye migahawa, mkiulizwa msikasirike. Semeni mnachokijua, na msichokijua msikiuze.

Tulipomaliza tulilipa na kuaga. Mume wa yule mama alikuwa amerudi na jogoo wawili wazima mkononi, akaelekea nyuma ya nyumba na kisu chake. Chakula cha jioni kingekuwa na kuku.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu aturuzuku cha halali, na atie baraka katika majiko ya waja wake wakweli. Wabillahi Tawfiq.