Kikohozi Kikali: Dawa za Nyumbani, Mipaka Yake na Suala la Kimeo

Katika kliniki ya magonjwa ya kifua ni nadra kumpata mgonjwa ambaye hajatumia chochote kabla ya kufika. Amekunywa tangawizi, amelamba asali na limau, amejifukiza kwa majani ya mkaratusi, au amepewa na jirani mzizi asioujua jina. Wengi hawasemi mpaka waulizwe, na wengine hukana hata wakiulizwa, kwa kuwa wamewahi kukaripiwa kwa jambo hilo. Kukaripia huko ni kosa letu sisi wahudumu. Mgonjwa anayeficha dawa aliyotumia hutunyima pia habari iliyo muhimu kuliko dawa yenyewe, nayo ni muda ambao amekuwa akikohoa.

Kikohozi ni kinga. Njia za hewa zimetandazwa ute unaonasa vumbi na vijidudu, na vinyweleo visivyoonekana kwa macho huusukuma ute huo kuelekea juu. Mzigo unapozidi au utando unapochubuka, neva hupeleka taarifa kwenye ubongo, nao huamrisha mapafu kutoa hewa kwa nguvu. Baada ya mafua au mkamba, virusi huweza kuwa vimekwisha kutoweka ilhali utando ungali na majeraha, hivyo hewa ya baridi au moshi wa kuni hutosha kuamsha kikohozi upya. Kwa wastani kikohozi cha namna hii huchukua takribani siku 18, lakini wengi wetu hutarajia kiishe ndani ya wiki moja. Hapo ndipo dawa nyingi hupatia sifa. Aliyeanza kunywa mchanganyiko wake siku ya 12, akapona siku ya 17, ataapa kwamba umemponya. Na aliyepewa antibaiotiki asizozihitaji ataapa vivyo hivyo.

Hata hivyo, si haki kusema kwamba dawa za nyumbani hazifai kitu. Asali imefanyiwa utafiti kwa watoto wenye kikohozi cha mafua, na imeonekana kupunguza kukohoa usiku kuliko kutotoa dawa yoyote. Kijiko kimoja cha chai kabla ya kulala kinatosha. Lakini mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali kabisa. Inaweza kubeba mbegu za bakteria ambazo, katika utumbo wa mtoto mchanga, hutoa sumu inayopooza misuli, ikiwamo ile ya kupumulia, na kuichanganya na maji ya moto hakuziui. Tangawizi, mchaichai na limau hulainisha koo na kumfanya mgonjwa anywe maji zaidi, jambo ambalo ni jema lenyewe. Mwenye kiungulia ajihadhari na limau, kwani asidi ya tumboni inayopanda kooni ni chanzo kimojawapo cha kikohozi kisichokoma.

Kujifukiza hufungua pua kwa muda mfupi, lakini sufuria ya maji yanayochemka chini ya blanketi imewaunguza watoto wengi. Mafuta ya mkaratusi yakimezwa, hata kwa kiasi kidogo, yanaweza kumletea mtoto degedege. Kumtilia mtoto mafuta ya aina yoyote puani ni hatari pia, kwa sababu huteremka mapafuni na kuleta homa ya mapafu iliyo ngumu kutibu. Wala chupa ya dukani si salama kwa sababu tu ina lebo: mwezi Oktoba 2022, Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu dawa nne za maji zilizohusishwa na vifo vya watoto nchini Gambia, baada ya kukutwa na kemikali zinazoharibu figo.

Suala linalonikosesha usingizi ni kimeo. Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa, nacho husaidia kuziba njia ya pua tunapomeza na kutamka. Katika sehemu nyingi za nchi yetu mtoto akikohoa kwa muda mrefu husemwa kwamba kimeo kimerefuka na kinamkera koo, kisha hupelekwa kwa mkata vimeo. Mimi sijaona kikohozi kilichotibiwa kwa kukata kimeo. Nimeona kutokwa damu, usaha shingoni na sumu ya bakteria katika damu. Kifaa kinachotumiwa kwa watoto kadhaa bila kutakaswa kinaweza pia kuambukiza pepopunda, homa ya ini na VVU.

Niliwahi kuitwa wodi ya watoto kumwona mtoto wa miaka miwili aliyekuwa amekatwa kimeo siku tano kabla. Alikuwa mweupe kwa kupungukiwa damu, na bado alikohoa. Bibi yake aliniambia kwa utulivu, "Daktari, sisi sote tulikatwa, na tuko hai." Sikubishana naye. Nilimuuliza, "Bibi, nani mwingine anakohoa nyumbani?" Akajibu kwamba ni babu, tangu kabla ya mfungo, ila yeye anatumia tangawizi na inamsaidia. Mtoto alipimwa kwa sampuli ya choo, babu kwa makohozi. Wote wawili walikuwa na kifua kikuu. Tangawizi ilikuwa imempa babu nafuu ya koo kwa miezi kadhaa, na katika miezi hiyo alimlaza mjukuu wake kifuani kila jioni.

Kwa sababu hiyo, anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi apime makohozi, hata kama dawa ya nyumbani inamletea nafuu. Anayeishi na VVU asisubiri wiki hizo mbili. Kukohoa damu, kukonda, homa za jioni na jasho la usiku navyo havisubiri. Vipimo na dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo katika vituo vya umma. Anayetumia dawa za shinikizo la damu kama enalaprili au kaptoprili naye amweleze daktari, kwani dawa hizo huleta kikohozi kikavu ambacho hakuna mzizi utakaokiondoa. Asiziache mwenyewe, zitabadilishwa.

Kwa mtoto, mama ahesabu pumzi kwa dakika moja nzima akiwa ametulia. Pumzi 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi miwili, 50 kwa wa miezi miwili hadi kumi na moja, na 40 kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, ni dalili ya kwenda kituoni siku hiyo hiyo. Kifua kinachobonyea ndani anapovuta hewa, midomo kugeuka rangi ya buluu, au kushindwa kunyonya ni dharura, hata ikiwa usiku.

Nawaomba wahudumu wenzangu tuulize mambo matatu bila kukunja uso: ametumia nini, tangu lini, na nani mwingine anakohoa nyumbani. Jina la mmea liandikwe kama mgonjwa alivyolitaja, kwa lugha ya kwao, pamoja na sehemu iliyotumika, iwe jani, gome au mzizi. Kwa mtoto, tumwombe afungue kinywa tutazame kama kimeo bado kipo.