Waya Umefika Bandarini, Tutapakia Nini?

Bandari hupimwa kwa mambo mawili: kinachoteremshwa na kinachopakiwa. Majahazi ya Ghuba yalikuwa yakija na kaskazi yamesheheni tende na mazulia, yakarejea na kusi yamejaa boriti za mikoko ya Lamu. Nahodha hakupenda kurudi na chombo kitupu.

Mwezi wa Juni 2009 Mombasa ilipokea mgeni wa namna nyingine. Huyu ni TEAMS, waya mkuu wa mawasiliano uliolazwa chini ya bahari kutoka Fujairah, katika Falme za Kiarabu, upande ule ule yalikotoka majahazi. Mwezi uliofuata ukaja wa pili, SEACOM. Kabla ya hapo vyuo vyetu vikuu vilitegemea setilaiti, yenye bei kali na mwendo wa kobe. Leo mwanafunzi aliye Kilifi aweza kusikiliza mhadhara unaotolewa Nairobi au Cape Town. Korona ilipofunga vyuo mwezi wa Machi 2020, wenye simu na fedha za kununua bando waliendelea kusoma. Wasiokuwa nazo waliachwa ufuoni. Na mwaka 2023 Kenya ikaanzisha Chuo Kikuu Huria, ambacho masomo yake hupitia intaneti.

Faida hizo hazina ubishi. Swali langu, msomaji, ni la shehena.

Mwaka 1997 Benki ya Dunia ilianzisha African Virtual University, na mihadhara ya vyuo vya ng'ambo ikarushwa kwa setilaiti hadi Afrika. Sisi tulikaa tukapokea. Makao yake yalipohamia Nairobi mambo yakageuka: wahadhiri wa nchi 10 za Afrika waliandika wenyewe masomo ya hisabati, sayansi na ualimu, yakatolewa bure. Hatua hiyo yastahili sifa. Lakini masomo hayo yalitoka kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Kenya na Tanzania zilikuwamo katika hizo nchi 10, na Kiswahili hakikukaribishwa barazani.

Wala si kwamba hatuna cha kupakia. Mashairi ya Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa, yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu na Mwalimu Sikujua, aliyemsaidia mmisheni William Taylor kuyakusanya katika karne ya 19. Karatasi za Taylor leo zimo katika maktaba ya SOAS, London, na chuo hicho kimeiweka orodha ya miswada yake ya Kiswahili katika intaneti. Basi kijana wa Mombasa akimtafuta malenga wa mji wake, swali lake hupita chini ya bahari hadi Uingereza. Waliohifadhi nawashukuru. Lakini ziko karatasi nyingine ambazo hazijavuka bahari, zingali makashani mwa watu huku kwetu Pwani, na mchwa hawangoji ruhusa.

Kuzipiga picha si kazi: simu ya mkononi yatosha. Kazi ni kuzisoma. Katika hati ya kale, herufi moja, be, huweza kuwa b, p au mb, na anayeamua ni yule anayeijua lahaja na anayelisikia shairi likiimbwa. Sisi tuliosomeshwa chuoni kwa ubao na wino tunazijua herufi hizo, lakini tunapungua. Vijana wa vyuo vikuu wana mitambo, na herufi hawana.

Basi vyuo vikuu vya Pwani na viwaite wazee wenye elimu hiyo, viwaketishe na vijana, hati zisomwe, zifasiriwe, na mihadhara yake itolewe kwa Kiswahili kupitia waya huo huo. Wako wa kuipokea Lubumbashi, Bujumbura na Muscat. Wazee hao walipwe kama walipwavyo wahadhiri wengine, kwani wanachofundisha hakipatikani kwingineko. Na ifanywe sasa, mzee na karatasi wangali wote wawili wapo.