Je, Wajua? Nyumba Iliyoagizwa kwa Posta

Je, wajua kwamba mwaka 1908 Mmarekani wa kawaida aliweza kuagiza nyumba kwa posta? Kampuni ya Sears, Roebuck ya Chicago, ambayo watu walikwisha kuizoea kwa saa, nguo na cherehani, ilitoa mwaka huo katalogi ya nyumba. Ilipoacha biashara hiyo mwaka 1940, inakadiriwa kuwa ilikwisha kuuza nyumba kati ya 70,000 na 75,000. Nyingi zilikuwa nyumba ndogo za mbao zenye baraza mbele.

Mzigo ulikuja kwa behewa la treni: mbao, milango, madirisha, misumari na rangi, pamoja na kitabu cha maelekezo. Vipande vya nyumba moja viliweza kufika 30,000. Mwenye mali aliubeba mpaka kiwanjani, akajenga mwenyewe au akatafuta seremala. Tangu mwaka 1911 hivi kampuni ilitoa hata mkopo wa ujenzi, nyumba ikiwekwa rehani.

Lakini leo ni vigumu kujua ipi ni ya Sears. Kumbukumbu nyingi za mauzo ziliteketezwa, na picha ya katalogi haitoshi kuwa ushahidi, kwa kuwa wateja waliruhusiwa kubadili ramani na kampuni nyingine ziliuza nyumba zinazofanana nazo sana. Kwa hiyo wakati mzuri wa kuitambua ni wakati wa ukarabati. Mbao zilizokatwa kiwandani zilipigwa mhuri wa herufi na tarakimu ili mjenzi azilinganishe na ramani. Mihuri hiyo ingalipo kwenye boriti za chini ya sakafu, kwenye kenchi za paa na chini ya ngazi. Nyuma ya fremu za milango huonekana pia vibandiko vya mzigo. Masjala ya ardhi nayo husaidia, maana rehani za kampuni ziliandikishwa huko.

Katika mji wa Carlinville, Illinois, hakuna haja ya kupekua hivyo. Mwaka 1918 kampuni ya mafuta ya Standard Oil iliagiza nyumba za wachimbaji wake wa makaa ya mawe, na zaidi ya 150 zikajengwa hapo. Nyingi zinakaliwa hadi leo.

Kinachonisikitisha ni wakarabati wanaoanza kwa kung'oa madirisha. Mbao zake zilitoka kwenye miti mikongwe iliyokua polepole, yenye pete zilizobanana, na mbao za namna hiyo ni adimu sasa. Dirisha lisilopanda mara nyingi limekatika kamba tu, ile inayobeba uzito wa chuma uliofichwa ndani ya fremu, na kamba hubadilishwa. Hatari ya kweli iko kwenye rangi. Marekani ilipiga marufuku rangi yenye madini ya risasi majumbani mwaka 1978, hivyo nyumba ya umri huu ipimwe kwanza, wala isipigwe msasa mkavu penye watoto.