Simba Kabatini
Desemba hapa Bredäng, saa kumi jioni nje ni giza totoro, na mtoto mwenye hofu huanza kuona vitu mapema. Wengi wetu tulitishiwa zimwi ili tulale. Jaribu kinyume chake: mchekeshe.

Chukua God natt, Alfons Åberg cha Gunilla Bergström, kilichotoka 1972. Alfons hataki kulala: mara anataka maji, mara kuna simba kabatini. Mwishowe anayelala, tena sakafuni, ni baba!

Kimeandikwa Kiswidi, sawa, ila picha hazina lugha. Simulia kwa Kiswahili, hata cha kuungaunga. Muulize: huyo simba anakula nini humo, soksi? Kiswahili kisibaki cha kukaripia tu. Mtoto akicheke pia, ndipo alale.