Kiti cha Misri kilichotengenezwa Denmark, na kigoda cha nyumbani kwako

Kuna viti vya mbao vya zaidi ya miaka 70 vinavyouzwa Ulaya kwa mamilioni ya shilingi za kwetu. Kimoja huitwa Kiti cha Misri, ingawa kilitengenezwa Denmark. Kinamhusu nini msikilizaji wa Busi, wilayani Kondoa? Tueleze.

Mbunifu wake, Finn Juhl, alikuwa msanifu majengo. Aliona kiti cha kale cha Misri katika makumbusho ya Louvre, Paris, na mwaka 1949 akatoa cha kwake. Siri iko mgongoni. Mafundi wa Misri waliulaza kidogo mgongo wa kiti, kisha nyuma yake wakasimamisha nguzo zilizonyooka. Ukikitazama kwa ubavu unaona pembetatu, kama kwenye kenchi la paa. Fremu ya mraba isiyo na mshazari ukiisukuma inalala, pembetatu haisogei. Mtu huegemea kwa uzito wake wote na maungio hayalegei. Juhl alichukua pembetatu hiyo, miguu ya kuchongwa kama ya simba akaiacha.

Misri hiyo hiyo ilikuwa pia na vigoda vya miguu mitatu. Faida yake mnaijua: sakafu ya udongo hata ikiwa na mabonde, miguu yote mitatu hugusa chini. Kiti cha miguu minne hapo kitayumba tu. Kigoda cha kuchongwa kwa gogo moja hakina hata ungio la kulegea. Adui yake ni jua, maana mti ukikauka nje kabla ya ndani hupasuka. Ndiyo maana fundi hukiacha kivulini.

Sasa akija mtu mlangoni anataka kigoda cha babu kwa bei ya kuku, mwulizeni kwanza anakipeleka wapi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inadhibiti utoaji wa vitu vya kale nje ya nchi bila kibali. Kukiuza au kutokiuza ni uamuzi wa familia, lakini kikiondoka bila kupimwa, umbo lake nalo limekwenda.

Kwa hiyo mwiteni seremala wa kijiji. Kipigeni picha kwa simu, juu, ubavuni na chini. Apime kimo, upana wa kalio na mwachano wa miguu pale inapogusa ardhi. Hicho cha mwisho asikisahau, kwa sababu kigoda chenye miguu iliyobanana humwangusha mtu.